Soma Mkataba Wenyewe Kabla ya Kuandika Asainimenti

Anayesomea uhusiano wa kimataifa Dodoma ana bahati moja kubwa: Bunge liko mlangoni kwake. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia, yaani kukubali rasmi nchi ifungwe nayo, mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa mjini. Inasikitisha basi kuona asainimenti za mwaka wa kwanza zikiandikwa kutokana na madesa ya stashenari, mkataba wenyewe haujafunguliwa hata ukurasa mmoja.

Chukua Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika. Usianze na dibaji. Anza nyuma, kwenye ibara zinazosema mkataba unaanza kutumika lini, unarekebishwaje na nchi inajitoaje. Utakuta kwamba ulihitaji hati 22 za kuridhia ziwasilishwe, kisha zipite siku 30. Sasa chora jedwali la safu nne: kutiwa saini, kuridhiwa na bunge la nchi husika, kuwasilishwa kwa hati, kuanza kutumika. Mkataba ulitiwa saini Kigali tarehe 21 Machi 2018 na ukaanza kutumika 30 Mei 2019. Bunge letu liliuridhia Septemba 2021. Asiyechora jedwali hili huandika kwamba Tanzania ilifungwa na mkataba tangu 2018, na hapo hoja yote inayofuata inakosa mguu wa kusimamia. Saini peke yake, pale mkataba unapotaka kuridhiwa, huiachia nchi wajibu mdogo tu wa kutouhujumu.

Baada ya hapo, shika penseli mbili za rangi uende kwenye vitenzi. Mikataba mingi utakayosoma ni ya Kiingereza. Kila penye "shall" piga mstari wa rangi ya kwanza: hilo ni sharti. Penye "may" au "endeavour" tumia ya pili: hapo nchi imeachiwa hiari au imeahidi kujitahidi tu. Ukurasa ukijaa rangi ya pili, umeshajua kwa nini utekelezaji unasuasua.

Kwenye Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tulia kwenye Ibara ya 12: Wakuu wa Nchi huamua kwa muafaka, hawapigi kura ya wengi. Sentensi hiyo moja inaeleza ucheleweshaji kuliko kurasa nzima za lawama kwa viongozi. Hakikisha pia nakala yako ina marekebisho ya 2006 na 2007. Nakala ya zamani haina kikomo cha miezi miwili cha mtu kufungua shauri kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki chini ya Ibara ya 30.

Lakini maandishi hayatoshi. Ibara ya 27(3) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataka uamuzi wa Baraza la Usalama, lenye wajumbe 15, upate kura 9 za ndiyo, zikiwemo za wajumbe watano wa kudumu, isipokuwa kwa mambo ya utaratibu. Ukisoma neno kwa neno utadhani mjumbe wa kudumu asipopiga kura azimio limekufa. Sivyo. Desturi ya Baraza ni kwamba kujizuia kupiga kura si kura ya turufu (veto), na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikubali desturi hiyo mwaka 1971 katika maoni yake kuhusu Namibia. Kwa hiyo kila ibara uiulize: nchi zinaitumiaje?

Kwa upande wa Tanzania, jibu litafute kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge; zipo kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta tarehe ya azimio la kuridhia, usome maelezo ya waziri, kisha maoni ya Kamati ya Bunge iliyouchambua mkataba. Ya Kamati yana faida zaidi, maana humo ndimo wasiwasi hutajwa waziwazi: ushuru, viwanda vya ndani, ajira. Nakili namba ya mkutano, kikao na tarehe palepale. Ukiacha hadi usiku wa kukusanya kazi, hutaipata tena. Ukihitaji pia hotuba ya bajeti ya wizara ya mambo ya nje, itafute katika mkutano wa Aprili hadi Juni, ndipo husomwa.

Kwa asainimenti ya maneno 1,500, lipe swali maneno 150, yanayosemwa na mkataba 400, yaliyotendwa na nchi 600, na hoja yako 350. Aya isiyo na ibara wala tarehe, ifute.