Kabla hujaita wanunuzi: kuandaa nje ya nyumba na bustani

Mnunuzi mzoefu wa nyumba Dar es Salaam, kabla hata hajakaribishwa ndani, ameshatupa jicho chini ya ukuta. Anatafuta chumvi. Akiona rangi imebanduka na unga mweupe umetoka kwenye plasta, anajua unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na bei inaanza kushuka palepale. Ndiyo maana maandalizi ya nje yaanze na maji, rangi baadaye.

Anzia juu. Toa majani kwenye gata, hasa kama mwarobaini umelalia paa, kisha mimina ndoo ya maji uone yanapotokea. Gata inayovuja kwenye kiungo huacha mstari wa ukungu ukutani, na mstari huo utarudi hata upake rangi mara tatu. Ardhi inayozunguka nyumba nayo iiname kuelekea nje, kama sentimita 2 kwa kila mita. Kinachoharibu nyumba nyingi nzuri ni tuta la maua lililoegemezwa ukutani: udongo unapanda mpaka kupita nailoni ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi, na kila maua yakimwagiliwa, ukuta nao unakunywa. Chimba uushushe udongo, angalau sentimita 15 chini ya nailoni hiyo.

Chumvi yenyewe usiioshe, kwa sababu itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Isugue ikiwa kavu kwa brashi ya waya, uifagie, ubandue plasta iliyolegea na kupiga nyingine kwa mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini unaleta chumvi nyingine. Plasta mpya inamwagiliwa siku za mwanzo, halafu inaachwa ikauke wiki nne hivi kabla ya praima na mikono miwili ya rangi ya nje. Ukiharakisha, rangi itafanya malengelenge. Kwa hesabu hiyo, kazi hii haifai masika, Machi hadi Mei. Ipange kuanzia Juni.

Geti lipigwe msasa mpaka chuma king'ae, na praima ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyohiyo, maana hewa ya pwani hairuhusu chuma kitupu kilale nje. Bawaba zipate grisi.

Pevingi zilizozama zing'olewe, uongeze mchanga, uzipange upya na kuzishindilia, kisha ufagie mchanga mkavu kwenye mianya. Zilizoinuliwa na mizizi ya mkungu hazitatulia mpaka mzizi ukatwe.

Bustani iwe ya mwisho, mafundi wakishaondoka na ngazi zao. Ukoka uliorefuka usiukate hadi chini kwa siku moja. Utabaki na mabaka ya njano. Punguza theluthi moja kila mara, na weka urea, kilo 1 kwa mita za mraba 100, umwagilie papo hapo isije ikaunguza. Miti ya kivuli iache, pogoa tu matawi yanayogusa bati.

Mfuniko wa chemba uliopasuka ubadilishwe, na shimo likikaribia kujaa, ita gari la majitaka mapema, siku kadhaa kabla ya wageni. Kisha fyeka pembe za kiwanja mpaka bikoni zote, yaani alama za mipaka, zionekane, ulinganishe namba zake na ramani ya upimaji. Iliyopotea irudishwe na mpima ardhi mwenye leseni, usiikisie kwa kamba.