Kutia mwangwi kwenye video: namna ya kutengeneza picha na muziki kwa kompyuta ya nyumbani

Kompyuta haijui tofauti ya picha na sauti. Zote mbili zikishahifadhiwa kwenye diski ni mfuatano wa namba tu, na programu ya sauti ikipewa namba za video itazicheza bila kuuliza zimetoka wapi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutumia hali hiyo kutengeneza video ya majaribio yenye muziki wake, kwa kompyuta ya kawaida na programu mbili zisizolipiwa: Audacity, ambayo huhariri sauti, na FFmpeg, ambayo hubadilisha faili za video kwa amri za kuandikwa.

Kwanza rekodi. Mimi huenda ufuo wa Dunga hapa Kisumu, jioni jua linaposhuka nyuma ya mashua, kwa sababu kazi hii inataka vitu vyeusi vinavyosogea mbele ya anga jeupe. Ilaze simu kwa upana, iegemeze mahali isipotikisika, na uwaombe wavuvi ruhusa kabla ya kuwaelekezea kamera. Sekunde sita zinatosha.

Faili inayotoka kwenye simu imebanwa, na ukiifungua hivyo hivyo kwenye programu ya sauti na kuichezea, huenda isifunguke tena kama video. Lazima kwanza iwe ghafi, yaani kila pikseli iandikwe kwa baiti zake tatu za rangi, bila kichwa cha faili (maelezo ya mwanzo yanayoitambulisha faili) na bila kubanwa:

ffmpeg -i dunga.mp4 -t 6 -r 12 -vf scale=640:360 -an -pix_fmt bgr24 -f rawvideo dunga.raw

Amri hii inatoa picha 72, kumi na mbili kwa kila sekunde, na faili ya megabaiti 50 hivi. Hapa inafaa kupiga hesabu kidogo, maana ndiyo itakayokuwezesha kuongoza matokeo badala ya kubahatisha. Mstari mmoja wa picha una pikseli 640, kwa hiyo baiti 1,920. Picha nzima ina mistari 360, kwa hiyo baiti 691,200. Faili hiyo ikisomwa kama sauti kwa kasi ya sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde, baiti moja ikiwa sampuli moja, mstari mmoja unachukua sekunde 0.04 na picha moja sekunde 14.4. Zile sekunde sita za mashua zimekuwa sauti ya zaidi ya dakika 17.

Fungua Audacity, uende kwenye menyu ya File, kisha Import, kisha Raw Data. Chagua usimbaji wa U-Law, ambao huandika kila sampuli kwa baiti moja, chaneli moja, na kasi ya 48000. Mradi wenyewe pia uwe 48000, na katika mapendeleo ya ubora uzime kipengele cha Dither, ambacho huongeza kelele ndogo kwenye sauti inapohifadhiwa. Punguza sauti kabla ya kuvaa vipokeasauti. Utakachosikia ni mngurumo mkali unaojirudia mara 25 kwa sekunde, na ukitega sikio vizuri utatambua mahali anga linapokwisha na maji yanapoanza.

Sasa chagua sauti yote na uitie athari ya Echo. Ukiweka ucheleweshaji wa sekunde 4, mwangwi utaangukia mistari 100 chini ya kitu chenyewe, na mashua itaonekana na pacha wake akielea chini yake. Ukiweka sekunde 14.4, mwangwi utaangukia picha inayofuata, mahali pale pale, na kila mashua inayosogea itaburuta mkia wa vivuli vyake vya nyuma. Hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Kipunguzi (Decay factor), yaani kiasi ambacho kila mwangwi hufifia, kiache kwenye 0.5. Katika usimbaji wa U-Law, weupe kabisa husomwa kama ukimya, ilhali weusi ni kilele cha wimbi, na ndiyo sababu weusi huacha mwangwi juu ya anga na anga lenyewe haliachi kitu. Rangi za katikati huungua kwa namna isiyotabirika, jambo ambalo mimi silioni kuwa kasoro.

Usikate wala kufuta kipande chochote cha sauti hiyo. Mara ya kwanza nilifuta kijipande cha mwanzo nikidhani ni kelele tu, na video iliporudi mashua zilikuwa zimeteleza pembeni, anga limekuwa jekundu na gugumaji limekuwa la buluu, kwa sababu baiti za rangi zilikuwa zimesogea hatua moja na kila rangi ilikuwa imeketi kwenye kiti cha jirani yake. Niliihifadhi, lakini hayo sipendekezi kwa anayeanza.

Ukimaliza, hamisha faili kama RAW isiyo na kichwa, kwa U-Law ile ile na kwa jina dunga2.raw, kisha uirudishe kuwa video:

ffmpeg -f rawvideo -pix_fmt bgr24 -s 640x360 -r 12 -i dunga2.raw -pix_fmt yuv420p dunga2.mp4

Muziki nao utengenezwe katika Audacity. Nilimwomba mzee mmoja mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, aniruhusu nirekodi kifungu kifupi, nikaweka simu karibu na mguu wake ili njuga na pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga ubao zisikike sawasawa na nyuzi. Kata kipande cha sekunde 4 na ukirudie mara 39. Kwenye mkondo wa pili wa sauti (track) weka nakala yake iliyopunguzwa hadi sekunde 3.9, uirudie mara 40. Nakala hizo zitaanza pamoja, zitaachana polepole hadi zisikike kama wapigaji wawili wanaobishana, kisha zitakutana tena baada ya sekunde 156 kamili. Mtunzi wa Marekani Steve Reich alifanya jambo la namna hii mwaka 1965 kwa vipande vya utepe, na kabla yake, mwaka 1944 mjini Cairo, mtunzi wa Misri Halim El-Dabh alikuwa amekwisha kurekodi sauti za zar, sherehe ya kutuliza pepo, kwenye waya wa sumaku na kuzigeuza kwa mwangwi. Chini ya nyatiti weka ule mngurumo uliotoka kwenye video ya ziwa, kwa sauti ndogo sana, kisha uhamishe zile sekunde 156 kama muziki.wav.

Video ya sekunde sita ikichezwa mara 26 inafika sekunde 156 vilevile, kwa hiyo kuunganisha ni amri moja:

ffmpeg -stream_loop 25 -i dunga2.mp4 -i muziki.wav -c:v copy -shortest kazi.mp4

Itazame kwanza kwenye skrini kubwa, taa zikiwa zimezimwa. Kwenye simu ile mikia ya mashua huwa myembamba mno.