Kurekebisha Mkazo wa Uzi kwenye Cherehani

Mshono ulio sawa hufungana ndani ya unene wa kitambaa, hivyo kila upande huonyesha uzi wake tu. Vinukta vya uzi wa chini vikichungulia upande wa juu, uzi wa juu umekazwa mno; vitanzi vikijazana chini ya kitambaa, uzi wa juu umelegea. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiona fujo iko chini, huikimbilia bobini (kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini), ilhali kosa liko juu.

Kabla ya kugusa kirungu cha mkazo (kitufe cha kuzungusha kinachokaza au kulegeza uzi wa juu), toa uzi wote wa juu, inua mguu unaokandamiza kitambaa, kisha utunge uzi upya tangu mwanzo. Mguu ukiwa chini, visahani viwili vinavyobana uzi huwa vimefungana, na uzi hupita nje yake badala ya kuingia katikati. Ukiwa hivyo, hata ukikaza hadi mwisho, hakuna kitakachobadilika. Badilisha pia sindano iliyopinda au iliyo butu. Kazi nyingi huishia hapa, nami nasisitiza hatua hii isirukwe.

Tatizo likibaki, chukua kipande cha kitambaa kile kile unachokusudia kushona, ukikunje mara mbili, uweke uzi mwekundu juu na mweupe chini, zote mbili za unene mmoja. Kama kirungu kina namba 0 hadi 9, anza na 4. Teremsha mguu, shona sentimita 10, ugeuze kitambaa na kukikagua pande zote mbili. Vinukta vyeupe vikionekana juu, punguza nusu namba. Vitanzi vyekundu vikionekana chini, ongeza nusu namba, kisha ushone tena.

Skrubu ya kasha la bobini, yaani kikasha cha chuma kinachoishika bobini, iguswe mwisho kabisa. Kama kasha hutolewa, lining'inize kwa uzi wake na utikise mkono kidogo: linapaswa kushuka sentimita chache na kusimama. Likiporomoka lenyewe, uzi umelegea. Likikataa kushuka, uzi umekazwa mno. Weka alama ya kalamu mahali skrubu ilipo, kisha uizungushe thumni moja tu ya mzunguko, kuelekea kulia ili kukaza na kushoto ili kulegeza. Fanya hivyo juu ya bakuli, maana skrubu hiyo ni ndogo kama punje ya mtama na ikianguka sakafuni ni vigumu kuipata.