Somo: Majina ya mwanzo ya filamu yanayobaki kichwani

Wadau wa uhariri, leo tushughulikie ile dakika moja na nusu ambayo filamu zetu nyingi hapa Dar zinaipoteza bure. Nazungumzia majina ya mwanzo, yaani jina la filamu na ya walioitengeneza yanayopita inapoanza. Kwangu mimi hayo ni tukio la kwanza la hadithi. Ukiyamwaga tu juu ya picha za droni za Daraja la Tanzanite, mtazamaji anashika simu yake, na kumrudisha ni kazi kubwa.

Mwaka 1955 huko Marekani, mbunifu wa michoro Saul Bass alitengeneza majina ya The Man with the Golden Arm, filamu ya Otto Preminger kuhusu mpiga ngoma mraibu wa heroini. Vipande vyeupe vinaingia kwenye kioo cheusi kimoja kimoja, mwishowe unatokea mkono uliopindapinda. Basi. Enzi hizo kumbi nyingi zilipitisha majina pazia likiwa bado limefungwa. Filamu hii ilisafirishwa na maelekezo kwamba pazia lifunguliwe kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kimoja. Andika filamu yako kwa sentensi moja. Tuseme: dada mkubwa anauza kwa siri kiwanja alichoacha marehemu baba yao. Humo kuna hati, muhuri, bikoni ya mpaka wa kiwanja, kidole gumba chenye wino. Chagua kimoja tu, na hapa usiwe na haraka. Mimi nachukua wino. Jiulize wino unafanya nini: unaenea, unachafua, unaacha alama, haufutiki kirahisi. Tayari una mwendo wa hadithi nzima bila kumwonyesha mwigizaji hata mmoja. Tone linaanguka, linaenea, linagusa majina ya ndugu, na jina la filamu linatokea kidole kinapogandamiza karatasi. Kitu ambacho hakibadiliki mbele ya macho kiache, hata kama kinapendeza.

Hatua ya 2: Sauti kabla ya picha. Katika filamu ya Psycho ya 1960, mistari ya Bass inakatiza kioo sambamba na muziki wa ala za nyuzi wa mtunzi Bernard Herrmann. Zima sauti uone nguvu inavyopungua. Kwenye kiwanja chetu, anza na kishindo cha muhuri mezani na karatasi inayofunuliwa. Ukitaka wimbo wa mtu, pata ruhusa ya maandishi. Mambo ya hakimiliki yako COSOTA.

Hatua ya 3: Rekodi. Chumba kimoja Sinza kinatosha. Sahani ya kioo yenye maji, karatasi nyeupe chini yake, taa ya mezani kutoka ubavuni, simu kwenye stendi ikitazama chini. Rekodi kwa fremu 120 kwa sekunde ili wino uende taratibu. Zima feni, hata kama joto ni la Februari, kwani upepo wake unatikisa maji.

Hatua ya 4: Herufi. Fonti moja, zikizidi sana mbili. Soma kila jina kwa sauti mara mbili bila kukimbia. Likitoweka hujamaliza, liongezee muda. Majina yetu matatumatatu ni marefu, kwa hiyo acha nafasi pembeni, na usiyashushe chini kabisa ambako vitufe vya YouTube vinayafunika. Wenye majina wakubaliane tahajia na mpangilio kwa maandishi kabla hujagusa uhariri. Ugomvi wa nani atangulie umevunja urafiki mwingi.

Hatua ya 5: Unganisha. Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha. Kisha itazame kwenye simu ndogo, mchana, ndani ya daladala.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Mbagala:* Mkuu, filamu yangu ni ya dakika 12. Nami niweke dakika moja na nusu?

Hapana, ndugu yangu. Sekunde 15 hadi 20: jina la filamu na wahusika wakuu, wengine wapeleke mwisho. Citizen Kane ya 1941 nayo iliacha majina ya waigizaji mwisho.

*Mdau wa Tabata:* Kaka, mtayarishaji anang'ang'ania droni. Nifanyeje?

Mpe droni yenye maana. Pita juu ya mabati yaliyobanana mpaka ufike kwenye kiwanja kimoja kitupu, usimame hapo. Ila rusheni mkiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

*Mdau wa Kigamboni:* Shikamoo mwalimu. Hadithi yangu ni ya mawifi wawili. Naweza kutumia khanga?

Marahaba mwanangu. Unaweza, tena vizuri sana, maana mawifi wanasemana kwa khanga. Anzia kwenye pindo, ingia kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, taratibu, na jina la filamu liandike pale penye jina la khanga, kwa herufi kubwa zilezile. Mwanga utoke nyuma ya kitambaa. Na ipige pasi kwanza, mikunjo itaonekana kuliko maandishi.