Kitabu cha wageni, afande na karanga: namna ninavyotunza habari za watu kwenye gesti yangu

Nina gesti ya vyumba 14 jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Niliirithi kwa marehemu baba, pamoja na stoo iliyojaa vitabu vya wageni. Siku moja nikanunua karanga kwa kijana anayepita pale kaunta. Nafungua kikaratasi, nakutana na mwandiko wa baba: jina la mtu, kabila lake, kazi yake, atokako, aendako, chumba namba 6. Mhudumu alikuwa ameviuza vitabu vya zamani kwa kilo, na mimi ndiye niliyemwambia asafishe stoo. Karanga zenyewe zilinishinda.

Tangu hapo nimebadilisha mambo. Wenzangu wenye gesti huwa wananiuliza inakuwaje naelewana na polisi na wageni bado wananiamini, kwa hiyo naandika hapa.

Kwanza tukubaliane kwamba polisi wana sababu ya kuuliza nani kalala wapi. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11, waliolitega walikuwa wamepanga nyumba Ilala kama wapangaji wengine. Baba alikuwa akisema, "Mtu wa bomu naye analala mahali." Kwa hiyo habari ya "mimi siandiki wageni, ni faragha yao" msiniletee. Mgeni asiyetaka kuandikwa, kwangu halali. Kinachonihusu hapa ni naandika nini, nani anaona, na anaondoka na nini.

Kitabu chenyewe

Vitabu vingi vya madukani vimechapwa safu ya kabila. Iache wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaiweka asili ya mtu kwenye taarifa nyeti, fungu moja na dini, afya na siasa zake. Mimi nimeipiga rula kwa wino mwekundu kurasa zote, nikakipeleka kitabu kituoni wakione. Mkuu wa kituo akasema anachohitaji ni jina, namba ya kitambulisho, simu, atokako, chumba, saa ya kuingia na ya kutoka. Kabila halijamsaidia kukamata mwizi hata mmoja. Ila nenda na wewe ukaongee kwenye kituo chako kabla hujapiga mstari, usije ukasema mama wa Msamvu ndiye kaniambia.

Halafu kuna hili ambalo hakuna anayelifikiria: mgeni wa saa tatu usiku anapoandika jina lake, anasoma majina ya wote waliomtangulia, na vyumba vyao. Chukua ubao wa boksi la biskuti, ukate upana wa ukurasa, halafu katikati utoboe kidirisha cha mstari mmoja. Kila mgeni anaandika ndani ya kidirisha, mhudumu anakisogeza chini. Langu lina mwaka wa pili sasa, limeshika mafuta ya mandazi lakini kazi linafanya.

Kitambulisho usikipige picha. Simu ni ya mhudumu, akiacha kazi anaondoka na sura na kadi za wageni wako wote. Namba inatosha. Kama ni ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu mwenye mvi akikupa namba inayoanza na 2004, usimwachie ufunguo kabla hajajieleza. Hapo umeisaidia nchi kuliko kujaza simu picha ambazo hakuna atakayezitazama.

Kamera weka getini na kaunta, basi, na bandika tangazo kwamba zipo. Milango ya vyumba haikuhusu. Na ile nywila aliyoiweka fundi siku ya kwanza, ibadilishe jioni hiyohiyo.

Afande anapofika

Hapa ndipo niliposhikwa. Alikuja mwanamume mmoja, shati limechomekewa, viatu vinang'aa, akamwambia mhudumu, "Natoka kituoni, lete kitabu." Binti akaogopa, akampa. Jamaa akapiga picha kurasa za wiki nzima, akaondoka zake. Hakuwa polisi. Alikuwa anamtafuta mke wake aliyemkimbia, na kwenye ukurasa wa Jumatano akamwona, chumba na namba ya simu mpya. Yule mama alinipigia baadaye, akaniuliza swali moja tu: "Dada, mlimpa wenyewe?"

Sasa kila mhudumu wangu anajua maneno ya kusema, na huwa tunayafanyia mazoezi kama mchezo, mimi nikiwa polisi: "Karibu afande, keti. Naomba kitambulisho chako niandike, halafu uniambie unamtafuta nani au ni siku gani." Basi. Polisi wa kweli hakasiriki kuombwa kitambulisho, na akikasirika, mwite bosi. Kaunta kuna daftari dogo la pili, la kwetu sisi: tarehe, saa, jina la askari, namba yake, kituo, alichouliza, alichopewa, sahihi yake. Namba ya simu ya kituo imebandikwa ukutani; kama una shaka, piga uulize kama wamemtuma mtu.

Kisha jibu swali lililoulizwa. Anamtafuta mtu aliyeingia Jumanne usiku, fungua Jumanne, funika mistari mingine kwa kile kiboksi, asome mstari wake. Hapo umempa anachohitaji, na wale wengine 11 waliolala usiku ule hawakuguswa.

Akitaka kupekua chumba au kuondoka na kitabu, uliza hati ya upekuzi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 38, inampa mkuu wa kituo uwezo wa kupekua mwenyewe au kumtuma askari kwa maandishi, na kinachochukuliwa lazima kitolewe stakabadhi. Picha za kamera nazo zina mlango wake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo kuamuru zitolewe. Mpe dakika alizotaja. Diski yenye mwezi mzima ya nini?

Lakini msinielewe vibaya. Sheria hiyohiyo ya mwenendo wa makosa ya jinai inajua dharura. Askari akija anahema, mtoto kaibiwa na yupo chumba cha 9, wewe kaa pembeni, mpe ufunguo, utaandika daftari baadaye. Na Sheria ya Taarifa Binafsi nayo imeachia nafasi ya usalama wa taifa na upelelezi wa jinai. Nafasi hiyo ni pana, pana kuliko ningependa mimi, na kwenye gesti kama yangu mtu wa mwisho kuuliza "kwa nini?" ni binti wa miaka 22 aliye kaunta. Ndiyo maana namfundisha kuuliza.

Karatasi na kuni

Jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukikusanya majina na simu za watu, wewe tayari ni mkusanyaji, hata kama una vyumba vitatu na choo kimoja.

Kitabu cha sasa kinalala kwenye droo yenye kufuli. Funguo mbili, yangu na ya msimamizi wa zamu. Vilivyojaa navifungia kabatini miaka miwili. Muda huo niliupanga mwenyewe baada ya kuongea na kituo, wewe panga wako. Ukiisha, nachoma nyuma ya jiko, nimesimama palepale mpaka jalada ligeuke jivu, maana jalada ndilo linaloungua mwisho.

Kijana wa karanga amenuna. Anasema siku hizi inabidi anunue magazeti, na wino wake unachafua mikono ya wateja.