Kupanda farasi bila tandiko: balansi kwanza, mbio baadaye

Wiki hii nilikua namsaidia dada mmoja hapa bandani, akiwa na tandiko anapanda vizuri kabisa, litoe uone, anateleza kama hajawahi kuona farasi. Masaisi wenzangu, watunza farasi, wanajua hii shida. Hatua nilizompa ndo hizi.

1. Farasi
Tafuta mpole, mtu mzima, mgongo mpana. Wengi tulionao Nairobi ni wastaafu wa mbio za Ngong, wazuri ila bega limechongoka na uti umetokeza, utaumia wewe na yeye pia ataumia, manake bila tandiko uzito wako wote unamkalia sehemu ndogo.

2. Vaa
Helmeti, hilo halina mjadala. Suruali ya pamba nzito, traki za nailoni zinateleza. Mfunge farasi mkanda shingoni wa kushika. Na zile pedi laini za kuweka mgongoni badala ya tandiko, zenye vikanyagio, mimi sizitaki hata kuziona, ndani hakuna kitu kigumu cha kuzizuia, ukikanyaga upande mmoja tu pedi inazunguka na wewe unajikuta chini ya tumbo la farasi.

3. Panda ukitumia stuli.

4. Kaa
Sogea mbele, nyuma tu ya bega. Waliozoea punda wa Lamu hukaa kule nyuma kiunoni, kwa farasi hapo unarushwa vibaya na figo zake unazionea. Zisikie zile ncha mbili za mifupa ya makalio, uzito sawa kwa sawa.

5. Tembea
Mtu amshike farasi, wewe fumba macho. Nyonga yako ya kushoto ikishuka ujue mguu wake wa nyuma kushoto unaenda mbele. Sema kwa sauti "kushoto, kulia" mpaka usikosee. Usiruke hii.

6. Troti
Huu ndo mwendo wa kudunda, kasi kidogo kuliko kutembea. Hapa ndo watu wanalia. Kwenye troti miguu inatua kwa jozi za mshazari, wa mbele kushoto na wa nyuma kulia, alafu jozi ingine, na kati ya hapo farasi yuko hewani kidogo, hiyo hewani ndo inakurusha. Ukirushwa mwili wenyewe unabana magoti, na mgongo wa farasi ni mviringo, kwa hiyo ukibana unachomoka kwenda juu kama sabuni iliyolowa ukiiminya. Tena visigino vinamgonga mbavuni, yeye anasikia "ongeza", anaongeza, wewe unabana zaidi, basi imekuwa hiyo.

Sasa fanya hivi. Hatamu usishike kabisa, ukining'inia kwenye hatamu unamvuta mdomo. Mtu amzungushe kwa kamba ndefu, duara la kipenyo cha mita 20 hivi, dogo zaidi linakusukuma nje na linamchosha miguu. Shika mkanda KABLA hajaanza troti, manake anajisukuma na miguu ya nyuma na wewe unabaki nyuma, akirudi kutembea unaenda mbele. Fungua goti, mguu wote uning'inie, kisigino usikilazimishe chini, hakuna cha kukanyaga. Hatua sita saba tu, rudi kutembea, jipange, tena. Troti iwe ya pole pole kabisa, ya haraka inadunda zaidi. Ukiona unateleza upande wa nje wa duara angalia kama umeinamia ndani, wengi wanafanya hivyo na nyonga inakimbilia nje, we geuza kitovu kifuate duara basi. Na uimbe! Wimbo wowote, ukiimba huwezi kuzuia pumzi, na pumzi ikizuiwa kiuno kinakaza. Ukichoka shuka, paja lililochoka litabana tu hata ukilikataza.

7. Kanta
Hizi ni mbio za wastani, kasi kuliko troti. Kwa kweli ni rahisi kuliko troti, inabembea. Ila ingia kutoka kwenye kutembea kama farasi amefunzwa, usipitie troti ya kasi.

Kesho yake mpitishie farasi vidole pande zote mbili za uti wa mgongo. Akizamisha mgongo au akigeuza masikio nyuma, mpumzishe, na siku ingine panda muda mfupi zaidi.