Kuanza mbio baada ya miaka ya kukaa: ratiba ya wiki 12

Anayeumia mwanzoni mwa mazoezi mara nyingi ni yule mwenye hamu kubwa. Amekaa ofisini miaka mitano, Jumamosi alfajiri anajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani, nyimbo zinamvuta hadi kilomita 8, na Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume. Moyo na pumzi huanza kuimarika ndani ya wiki chache tu. Kano na mifupa huchukua miezi. Kwa hiyo kufikia wiki ya nne pumzi unayo, ila miguu bado haijawa tayari kubeba mbio unazozitamani, na hapo ndipo wengi huumia. Ratiba hii imepangwa kuilinda miguu katika kipindi hicho.

Hatua ya 1: Jipime

Pima presha. Ikisoma 180/110 au zaidi, usianze. Nenda kwa daktari. Muone daktari kwanza pia kama una ugonjwa wa moyo au kisukari, ni mjamzito, kifua hukubana, au ngazi chache tu hukumaliza pumzi. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kutoka: ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza ndizi mbivu au kipande cha mkate, na abebe glukosi mfukoni.

Hatua ya 2: Wiki ya 1 na 2, tembea tu

Dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Usiiruke hatua hii kwa kuiona nyepesi. Toka alfajiri, hasa kama unaishi pwani, kwa sababu joto na unyevu hupandisha mapigo ya moyo hata kwa mwendo uleule.

Hatua ya 3: Kimbia kwa vipande

Siku 3 kwa wiki, na kati ya siku na siku pumzika au tembea. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5, malizia kwa kutembea dakika 5. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu hukushika.

- Wiki 3–4: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8
- Wiki 5–6: kimbia 2, tembea 2, mara 6
- Wiki 7–8: kimbia 4, tembea 2, mara 4
- Wiki 9–10: kimbia 7, tembea 2, mara 3
- Wiki 11: kimbia 12, tembea 2, mara 2
- Wiki 12: kimbia 25 mfululizo, polepole

Ikiwa wiki imekuachia maumivu, irudie. Kurudia wiki hakuharibu chochote.

Kasi ipime kwa mdomo. Kumbuka mchakamchaka wa shuleni: unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika, ingawa kuimba ubeti mzima kutakushinda. Ukijibu kwa neno mojamoja, punguza. Anayemeza atenolol (dawa ya presha na moyo) au dawa ya jamii yake asitegemee saa ya kupima mapigo: dawa hiyo huyazuia yasipande, kwa hiyo saa itamwambia yuko sawa wakati mwili umeshachoka.

Hatua ya 4: Yajue maumivu

Misuli iliyochoka huuma pande zote mbili, kwa mtawanyiko, huzidi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Hayo ni ya kawaida. Ugoko ndio unaohitaji uangalifu. Keti, kunja goti, pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Ukiuma kwa urefu wa kiganja, acha kukimbia wiki moja au mbili, tembea tu. Ukiuma vikali mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, huenda mfupa umeanza kupata ufa: acha kabisa, nenda hospitali. Eksirei ya mapema inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea, rudi.

Kichurachura mia mbili siku ya kwanza ni hatari ya aina nyingine. Misuli ikivunjika kwa wingi humwaga protini kwenye damu, nayo huziba figo. Dalili yake ni mapaja kuvimba na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au kushuka mkononi, jasho baridi likitoka au ukihisi kuzimia, acha papo hapo na utafute msaada. Usijaribu "kumalizia raundi".

Na nailoni ya kufunga tumboni, ivue. Inakutoa maji tu, mafuta yanabaki palepale, na joto la mwili linapanda.

Hatua ya 5: Sasa jisukume

Baada ya wiki ya 12, mara moja kwa wiki, tafuta mlima mdogo. Ukishapasha mwili, panda kwa kasi sekunde 20, shuka ukitembea hadi pumzi irudi, mara 4. Mlima huzuia hatua isiwe ndefu mno, hivyo goti na msuli wa nyuma ya paja hupata mshtuko mdogo kuliko kwenye tambarare. Ongeza mpando mmoja kila wiki, usizidi 8. Kesho yake usikimbie.